Kitambaa cha Mama Bucumi

Dzaleka, Jumamosi, 14 Juni 2025
Hotuba ya shukrani kwa Mwalimu Charlène

Mheshimiwa mgeni rasmi uliyetoka Dowa Boma, wachungaji wetu, Mwalimu Charlène, wazazi, na ninyi wenzangu mnaohitimu ushonaji leo: nawasalimu kwa heshima. Zikomo, asanteni kwa kuja.

Mimi ni Fidès, mjane wa fundi Gélase. Kwa miaka kumi na moja yeye alikata, mimi nilishona. Ndivyo tulivyogawana kazi: makasi ya baba, cherehani ya mama. Alipofariki, wateja waliendelea kuleta vitambaa, nami nikawajibu, “Fundi amesafiri.” Niliwaambia hivyo hata watu waliokuja mazikoni.

Wengi waliondoka na vitambaa vyao, kwa kunihurumia. Mama Bucumi hakuondoka. Alikuwa amenunua kitambaa cha gauni la harusi la binti yake Akeza kule soko la Tsoka, kipande cha mwisho, na harusi ilikuwa imebaki siku nne.

“Fidès, njo safari gani hiyo ya bila kurudi? Kata, mama.”

“Nikiharibu?”

“Ukiharibu, Akeza atavaa blanketi. Mchumba wake iko na haraka, hataona.”

Nikakileta kitambaa hapa darasani, nikitumaini Mwalimu atanikatia. Yeye akaniuliza Gélase alifanya nini kabla ya kukata. Nikakumbuka. Aliweka chaki nyuma ya sikio, akaniita, “Fidès, kuja uone. Iko sawa?” Mara nyingine nilisema bado, naye akapima upya bila kinyongo.

“Basi miaka yote hiyo,” Mwalimu akasema, “jicho lilikuwa la nani?”

Ndugu zangu, nilidhani naogopa kwa sababu sijui. Kumbe nilijua, ila nilizoea kuulizwa na mtu mwingine. Siku ile nikapima, nikajiuliza mwenyewe, nikajijibu, nikakata. Akeza aliolewa kwa gauni. Bega la kushoto lilikaa juu kidogo. Ninyi mlioliona, asanteni kwa kunyamaza.

Mwalimu, nakushukuru kwa kuwa hukuyashika makasi yale, ingawa ingekuwa rahisi kwako. Mama Bucumi, nakushukuru kwa kunikabidhi kitambaa ambacho hukuwa na cha pili. Na Gélase, kokote uliko, asante kwa kuniuliza.

Jumatatu nafungua tena kibanda chetu. Atakayemtafuta fundi, nitamwambia yupo.

Nawashukuru kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Mnapomwombea Gélase, nami mnikumbuke.