Mabega ya Wabeba Jeneza

Hakuwa na mabawa, joho wala upanga. Sikio Kali, shujaa wa katuni, alikuwa na masikio tu, ya kusikia kilio cha mtoto umbali wa mitaa saba. Na sasa amezikwa. Fundi cherehani alikaa ndani ya basi, kalamu mkononi, asijue amwandikie vipi mjukuu wake aliye shule ya bweni, aliyempenda mno shujaa huyo.

"Umefiwa, mama?" akauliza mchukuzi wa sokoni aliyeketi kando yake.

"Na mtu wa karatasi. Cheka tu."

"Nicheke nini? Hata mimi namsoma." Akaomba gazeti la katuni lililokuwa mapajani mwa fundi, akaikazia macho picha ya mazishi. "Mchoraji huyu hakosei hata kivuli. Sasa tazama waliobeba jeneza. Mabega yamenyooka, shingo zimelegea. Nimebeba magunia miaka ishirini, mama. Humu hamna mtu."

"Labda alikuwa mwepesi."

"Kwa umbo lile? Ukurasa wa pili kakwama mlangoni."

Fundi akatazama tena, akashusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu juzi. Akaandika: "Usilie, mjukuu wangu. Jeneza ni tupu."

"Toleo lijalo atatokea kisimani," akasema mchukuzi.

"Kisimani afanye nini? Atatokea sokoni."

Walikuwa bado wakibishana basi liliposimama mbele ya posta. Fundi akalamba bahasha, akaifunga, akashuka na kuitumbukiza sandukuni.