Mto wa Mwalimu Kavutha

Mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote mliofika hapa Mitaboni, familia inawasimulia maisha ya Mwalimu Kavutha Nzuki kwa sauti ya mdogo wake, Titus, ambaye ana karatasi mfukoni, na mtajua kwa nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1946 katika boma hili, akiwa kifungua mimba wa Mzee Nzuki na Mama Nzembi. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akaenda chuo cha ualimu, akahitimu mwaka wa 1967, na huko alijifunza kupaka rangi kwa madoa madoa, bila kuchora mstari hata mmoja, kazi ambayo baba aliiita ya mtu aliyemwaga kopo.

Alifundisha Kangundo na Matuu kwa miaka thelathini na minne, akastaafu Desemba 2001. Alifunga ndoa na Onesmus Muli tarehe 14 Agosti 1971, wakajaliwa Mumbua na Matthew, na Onesmus alipofariki mwaka wa 1989, baba alimrudisha nyumbani, akampa kipande cha shamba kinachopakana na mto. Hapo ndipo alipochora, mwaka wa 1994, picha hii iliyosimama kando ya jeneza, maji yametulia, mwanamke anafua, na hakuna anayemharakisha.

Kisha yakaja malori ya mchanga. Majirani waliyafungulia njia mashambani mwao mmoja baada ya mwingine, mto ukabaki mashimo, visima vikakauka, ila kwa marehemu lori halikupita, kwa kuwa alikataa katakata. Wazee wa ukoo wakakaa bila yeye, wakasema mwanamke aliyerudi kwao hana neno juu ya ardhi, na Titus, mficha uchi hazai, alikubaliana nao, akapewa karatasi ya kufungua njia ili ampelekee dada yake aweke sahihi, mambo yaonekane safi.

Marehemu alianza kuugua moyo Januari 2004, akalazwa Machakos tarehe 2 Machi, na Mumbua akampelekea picha hii wodini. Titus alifika na karatasi mfukoni, akainamia ile picha kukwepa macho ya mgonjwa, akaona madoa tu. Dada yake akamwambia, "Titu, hapo uko karibu sana. Enda usimame kwa mlango, halafu uniambie unaona nini." Alisimama mlangoni, akauona mto, akamwona mama yao akifua, na aibu ikamshika. Aliondoka bila kuitoa karatasi, lakini hakuichana, na tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, dada yake alifariki bila kujua nduguye ameamua nini.

Sasa wazee wamesema shamba limerudi kwa Titus, sahihi inayotakiwa ni yake peke yake, na malori yanasubiri Jumatatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi matangani, walimu wenzake, na mabwana wa mchanga mlioketi safu ya tatu, mliotuletea hema hizi mbili, nanyi tunawaomba radhi, kwani shukrani yetu siyo ile mliyoitarajia. Karatasi ni hii, na Titus anaichana mbele yenu, wazee wakitaka kukasirika na wakasirike.

Pumzika kwa amani, dada. Nduguyo amechelewa kukujibu, lakini jibu ni hapana.