Marehemu Amedeus Komba na Chipu Aliyoipuliza

Baba Paroko, wafiwa, na majirani wa Lizaboni mlioacha shughuli zenu, marehemu Amedeus Christopher Komba alizaliwa tarehe 4 Machi 1964 huko Lusewa, mtoto wa tatu wa mkulima wa tumbaku, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1972 hadi 1978, kisha sekondari, na baadaye kozi ya maabara aliyomaliza Novemba 1985, akarudi na koti jeupe ambalo hakulivua hata sokoni.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa kwenye maabara moja ya binafsi Mjimwema, kazi yake kutafuta vijidudu vya kifua kikuu kwa hadubini, na tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na Emerensiana, wakajaliwa watoto wanne, ingawa mama huyu hakuacha kuionea wivu hadubini ile, maana ilifutwa kwa kitambaa laini kila asubuhi, naye hakuwahi kuletewa hata leso.

Zamu ya marehemu kuonja wivu ilifika Mei 2023, alipoletwa kazini binti Hilda, mpimaji mpya, pamoja na chipu, kiplastiki kidogo kama laini ya simu, chenye mifereji myembamba kama unywele, ambacho huchukua vinasaba vya kijidudu kwenye tone la makohozi na kuvizalisha mara mamilioni mpaka vionekane, wagonjwa wakahamia dirisha la Hilda, marehemu akabaki anahesabu nzi.

Asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 2023 Hilda alipima maji safi kwanza, kama ilivyo desturi ya kuhakikisha chipu haidanganyi, chipu ikasema yana kifua kikuu, marehemu akashangilia korido nzima, "Haya, sasa hata maji yanakohoa!", naye Hilda akamuuliza taratibu, "Shikamoo mzee, hivi chipu hii hukuipuliza?", akakana, kumbe aliichungulia mapema, akaipuliza vumbi kama alivyopuliza vioo vyake miaka thelathini na saba, na kikohozi kikampitia hapohapo.

Alielewa fika kwamba kijidudu kile kimetoka kifuani mwake, ila kupimwa na chipu ya Hilda ilikuwa kumpa Hilda ushindi, kwa hiyo alijipima mwenyewe kwa hadubini, hakuona kijidudu, maana vikiwa vichache hadubini huvikosa, akanyamaza miezi sita, hadi tarehe 11 Aprili 2024 alipotema damu, akapeleka kikopo cha makohozi mwenyewe na kusema, "Mwanangu, pima, nilipuliza."

Dawa zilianza, mapafu yalikuwa yamekwisha, akafariki tarehe 17 Juni 2024 saa tatu asubuhi, akiwa ameagiza hadubini apewe Hilda.

Familia inawashukuru madaktari, majirani, wafanyakazi wenzake, na Hilda kuliko wote, ambaye Jumatatu atakuwa hapa uani na vikopo vya makohozi kwa kila aliyekaa na marehemu, tena mama Emerensiana ameshasema wa kwanza ni yeye, asitokee mtu wa kumtangulia.

Pumzika kwa amani, Amedeus, vumbi tutalifuta kwa kitambaa.