Uzi wa Mshumaa Wangu

Sogeeni hapa kitandani, wanangu, wewe Mitru na wewe Ruxandra, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na shemeji yangu Gherasim naye aingie, asisimame hapo kizingitini kama mgeni. Mkono huu wa kushoto umeshanitoroka, mdomo umeanza kwenda upande, presha imenishinda, na padre ameshakuja akaondoka, kwa hiyo limebaki letu. Msilie kwanza. Mtalia nikimaliza.

Nyumba hii ni ya Mitru, pamoja na nguruwe na kibanda cha kukaushia nyama. Shamba la miplamu ni la Ruxandra, lote, mpaka kule mtoni, na najua kwamba hapa kwetu binti akishaolewa humwachia kaka yake kila kitu na kushukuru kwa kupewa mito ya kulalia, lakini miti ile nimeipanda mimi na nampa ninayemtaka. Mitru, usinikunjie uso, sijafa bado.

Sasa hili lililonikaa kooni. Mnamkumbuka baba yenu Toader alivyokuwa, miguu myembamba, mikono kama ya kijana, na kile kitambi mbele, alichokuwa akikipigapiga baada ya kula akisema, “Hii ndiyo kazi ya Smaranda wangu,” nami nafurahi, namwongezea mafuta ya nguruwe juu ya ugali. Alijisifu kwamba kwenye mizani ya kinu cha kusagia nafaka yeye ni mwepesi kuliko Gherasim, basi yu mzima. Siku nesi Aglaia alipokuja kupima watu kwenye ukumbi wa kijiji akamwambia, “Baba, mizani haijui mafuta yamekaa wapi. Ya mapajani hayanitishi sana. Yanayonitisha ni yale yaliyojibanza ndani ya tumbo, hayo ndiyo yanayopandisha presha kimya kimya.” Kisha akatoa uzi, akataka kumpima urefu wake, toka utosini hadi kisiginoni, aukunje katikati, aone kama nusu ile itamzunguka kiuno; isipofika, ni hatari.

Uzi, jamani! Mnajua wenyewe hapa kwetu nani hupimwa uzi toka utosini hadi kisiginoni. Hupimwa maiti, uzi upakwe nta, uviringishwe, uwashwe kifuani pake umwangazie njia. Baba yenu akaruka nyuma. “We binti, unanipimia mshumaa nami bado natafuna?” Na wewe Gherasim ukaangua kicheko, ukasema, “Kimbia, kaka, atakupaka nta!” Ukumbi mzima ukacheka, wanaume wakatoka kwenda kunywa, na yule binti wa watu akabaki na uzi wake mkononi, machozi yakimlengalenga.

Baba yenu akafa wakati wa kuchuma plamu, presha ilimwangusha ghafla, ngazi bado imeegemea mti, mtu ambaye hakuwahi kulalamika hata kichwa. Nilimpima uzi mimi mwenyewe. Kabla ya kuutia nta nikaukunja katikati, nikaupitisha kiunoni pake. Haukukutana. Kiganja changu kizima kiliingia kwenye lile pengo, wanangu, na nilikaa pale na kiganja changu juu yake, baridi ile, mpaka wanawake wakaja kuniondoa.

Gherasim, nimekuchukia kwa kicheko kile, nimekupikia Pasaka zote hizi huku nakuchukia. Leo basi. Hukujua, hatukujua, tulicheka wote. Nimekusamehe, na wewe unisamehe supu zote nilizokupa kwa makusudi zikiwa zimepoa.

Lakini wewe Mitru... una miguu ya baba yako. Una kitambi cha baba yako, na Aglaia akija unajificha kwenye mizinga ya nyuki, unaniambia, “Mama, mbona sijisikii vibaya?” Hata baba yako hakujisikia vibaya, mwanangu. Hata yeye.

Nipeni maji kidogo... Yanatosha. Arobaini yangu msiwape watu nyama ya mafuta. Ngano ya kuchemsha na asali, maharage, basi. Ruxandra, ingiza mkono chini ya mto, kuna donge la uzi. Nipime. Ndiyo, sasa hivi, ningali napumua. Acha kulia, shika ncha hapa utosini, vuta, vuta mpaka kisiginoni. Kata. Haya, mmeona? Nimepimwa na sijafa, bado nawasumbua. Huo ni wa mshumaa wangu, uweke pembeni. Donge lililobaki... ni la kaka yako.

Simama, Mitru. Vua sweta. Shemeji, mshike kama anataka kukimbia, safari hii usicheke... Mpime, Ruxandra. Umekunja? Mzungushie kiunoni. Kesho aende kwa Aglaia na uzi huo, auchukue yeye mwenyewe, kwa mkono wake... Mungu awabariki wote wawili, na watoto wenu, miti iwazalie, msigombane... msiniache peke yangu makaburini siku za sikukuu...

Umekutana? Sioni vizuri, njoo karibu, mwanangu, nikushike... Ah, Mitru. Mimi ndiye niliyekuzaa. Usinibanie tumbo. Achia pumzi. Pumua, baba... pumua nione.