Helikopta Tisa za Muzee Bashige

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni apunguze moto kidogo, maana habari ya leo haitaki kusikilizwa nusu nusu. Leo tunamkumbuka Muzee Donat Bashige wa mtaa wa Majengo, hapa Goma. Muzee Donat Bashige alifariki siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa kumi. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Wengi wenu hamkumjua kwa jina hilo. Mlimjua kama Papa Helikopta.

Muzee Bashige alikuwa anatengeneza helikopta. Hazikuwa za kuruka. Zilikuwa helikopta ndogo za bati, mfano wa zile za jeshi la zamani. Lakini zisikieni vizuri, wasikilizaji. Hayakuwa makopo yaliyofungwa waya ili mtoto aburute barabarani. Kila kitu kilipimwa. Mita moja ya helikopta ya kweli ilikuwa sentimita tano mezani kwake. Mlango ulifunguka. Mapanga ya juu yalizunguka. Ndani kulikuwa na viti, na kwenye viti mikanda.

Alizaliwa Walungu mwaka wa 1954. Akiwa na miaka ishirini aliingia jeshini, akafundishwa ufundi wa helikopta. Hakuwahi kuwa rubani. Alikuwa fundi, mtu wa mafuta ya mashine hadi kwenye viwiko. Alizijua Alouette, zile ndogo zenye kioo cha mviringo mbele. Alizijua Puma, zile kubwa za kubeba watu. Kisha miaka ikawa mibaya. Vipuri vikakosekana. Moja ikisimama, walikuwa wanaing'oa vyuma ili kuponya nyingine, mpaka siku moja hakukubaki hata moja ya kuponya. Muzee Bashige aliziona zikikatwa kwa msumeno na kuuzwa kama vyuma chakavu. Alimwambia binti yake Charline kwamba siku hiyo alirudi nyumbani akakosa la kufanya na mikono yake. Akaokota kopo la maziwa, akalipasua, akaanza.

Hiyo ilikuwa mwaka wa 1992. Miaka kumi baadaye Nyiragongo ikashuka mjini. Mnakumbuka. Nyumba yao ya kwanza ilimezwa na moto wa mlima, na helikopta kumi na moja zikabaki humo chini. Ziko huko hadi leo, chini ya mawe, mahali ambapo sasa kuna duka la simenti. Muzee aliondoka na mke wake, watoto wawili na koleo moja mfukoni. Akaanza upya.

Mke wake ni Mama Nshobole. Tulikaa naye sebuleni, akatuambia hivi: "Kama nakosa kopo ya kupimia unga, nilikuwa najua imeisha kuwa mukia ya helikopta. Nilikuwa namugombeza. Anacheka tu. Kioo alikuwa anakata kwa chupa ya maji, anaipitisha juu ya moto wa mbabula mpaka inalainika. Rangi nyekundu ni ya kucha, ya Charline. Hakuna kitu kilikuwa na usalama katika ile nyumba."

Alicheka kidogo aliposema hivyo. Baadaye hakucheka tena.

Kufikia mwanzo wa mwaka huu, Muzee Bashige alikuwa na helikopta nane zilizokamilika, na ya tisa mezani. Ya tisa ilikuwa Alouette ya zamani sana, ile ambayo mkia wake hauna bati, ni vyuma vyembamba vilivyopandana kama ngazi. Alitumia spoku za baiskeli. Kilichobaki ni kitovu cha juu, pale ambapo mapanga matatu yanashikana. Kazi hiyo ilihitaji mashine ya kuchonga chuma, na mwenye mashine alikuwa rafiki yake, fundi Hitimana, kule Birere.

Wasikilizaji wapendwa, mwezi wa kwanza vita viliingia mjini. Hatutasimulia hayo, kila mmoja anayo yake. Na katika kipindi hiki hatutaji vikundi. Tunasema tu kwamba tarehe nane mwezi wa pili, siku ya Jumamosi, risasi zilikuwa zimenyamaza kwa siku kadhaa, maduka machache yalikuwa yamefunguliwa, na Muzee Bashige aliona kwamba mji umetulia.

Alimwita mwanawe, Lévi. Lévi alikuwa na miaka thelathini na mmoja, fundi umeme, mwenye mke na mtoto mmoja. Alikuwa amekuja kuwasalimia wazazi.

"Lévi, pita kwa Hitimana umupatie hii karatasi," muzee alisema. "Achonge kitovu kwa hivi vipimo."

Mama Nshobole alikuwa mlangoni. "Papa Lévi, ngoja mpaka lundi, wiki ikianza. Mji haujakuwa sawa."

"Ni karatasi tu, mama," muzee alimjibu. "Ni kwenda na kurudi."

Lévi alikunja karatasi akaiweka kwenye begi lake, pamoja na bisibisi na nyaya zake za kazi. Akatoka.

Fundi Hitimana ndiye aliyeona kilichofuata. Alikuwa amesimama mbele ya karakana yake. Kizuizi cha askari kilikuwa hatua kama sitini kutoka hapo. Anatuambia: "Nilimuona Lévi anakuya. Aliniinulia mukono. Balimusimamisha, bakafungua begi. Bakatoa ile karatasi, bakaiangalia, bakaita mwenzao. Mie nilianza kutembea kwenda kueleza. Mumoja akanielekezea bunduki, nikasimama. Bakamupandisha gari. Sikufika."

Kwenye karatasi ile kulikuwa na nini? Mchoro wa helikopta ya vita, umechorwa kwa rula, na vipimo vyake vyote. Na kwa kuwa Muzee Bashige alikuwa mtu wa kutoacha kitu, pembeni alikuwa amechora mabomba mawili ya roketi, kushoto na kulia, kwa sababu Alouette ile ya kweli ilikuwa nayo. Hebu jiwekeni mahali pa askari aliyeikuta karatasi hiyo kwenye begi lenye nyaya, wiki mbili baada ya vita. Kisha jiwekeni mahali pa baba aliyeichora.

Hitimana alifika Majengo anahema. Muzee alimsikiliza hadi mwisho. Hakulia. Alisema, "Bakiona helikopta yenyewe, bataelewa." Akaingia chumbani, akachukua Puma yake nzuri kuliko zote, ile iliyomchukua miezi saba, akaitia ndani ya katoni.

Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye mlango wa kwanza, wa ofisi ya askari. Charline alimsindikiza, na ndiye anayetusimulia. Ofisa mmoja aliyekaa nyuma ya meza aliifungua katoni, akazungusha mapanga kwa kidole.

"Hii ulijifunza wapi?"

"Kwa jeshi, chef. Zamani."

"Kumbe ulikuwa askari."

"Nilikuwa fundi."

"Nakuuliza kama ulikuwa askari."

"Ndiyo," muzee alisema. "Nilikuwa askari. Sasa ni muzee wa makopo. Mutoto wangu hakuchora kitu. Ni mie nilichora. Mumuachilie, munifunge mie."

Charline anasema alishika shati la baba yake kwa nyuma, kana kwamba angeweza kumvuta kama wangetaka kumchukua. Ofisa akasema, "Acha hiki kitu hapa. Mukubwa akikuja ataona."

Waliiacha. Walirudi baada ya siku tatu. Ofisa alikuwa mwingine. Puma ilikuwa dirishani, imevunjwa panga moja. Hakuna aliyejua imefikaje pale, wala hakuna aliyejua jina la Lévi Bashige.

Ndivyo ilivyoendelea, wasikilizaji. Walimwambia jaribu kule, akaenda kule. Akasikia wapo waliofungwa upande wa Mugunga, akaenda Mugunga, amebeba katoni kifuani. Akasikia wako Kibati, akaenda Kibati. Kila mlango alitoa helikopta moja na kueleza maneno yale yale: hii ndiyo ile ya kwenye karatasi, ni mchezo, mwanangu hana kosa. Kila mlango walimwambia aiache. Mlango mmoja walicheka. Mwingine walimfukuza na katoni wakabaki nayo. Kwenye mmoja, askari kijana alimwomba amweleze jinsi mlango wa helikopta unavyofunguka, na muzee akamweleza, kwa upole, hatua kwa hatua, huku akimuuliza kati ya maneno, "Na mutoto wangu, haukumuona?"

Miaka ishirini na mitatu ya kazi ilikuwa inatoka nyumbani, katoni moja moja.

Mwezi wa sita zilibaki mbili mikononi mwake na ile ya mezani. Hapo ndipo alipofika mtu anayeitwa Niyitegeka. Alikuwa ameachiliwa wiki hiyo. Amekonda, na jicho moja haliwezi kufunguka vizuri. Alikuwa ameuliza njia mtaani kote hadi akafika.

"Nilikuwa na Lévi," alisema. "Fasi moja, mbali, kaskazini. Siku moja balitupitisha kwa biro, ofisi yabo, tuandikwe majina. Kwenye meza kulikuwa helikopta ya bati. Lévi akasimama. Balimusukuma, akakataa kutembea. Akaniambia: ile ni kazi ya papa yangu. Papa eko ananitafuta."

Muzee Bashige aliuliza, "Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, muzee."

"Alisema niko namutafuta?"

"Ndiyo."

Mama Nshobole anasema alimuuliza mara nne. Na kila mara Niyitegeka alijibu. Kisha muzee alienda nyuma ya nyumba, na huko ndiko alikolia, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Alipanda hadi kaskazini, mahali alipoelekezwa. Alichukua zote mbili. Ilimchukua siku mbili za njia, vizuizi sita. Huko alizitoa zote kwa pamoja. Mwanaume mmoja mwenye daftari alimjibu kwamba waliokuwa pale wamehamishwa.

"Bamehamishwa wapi?"

"Hatuambiwi."

"Nani anaambiwa?"

Mwanaume alifunga daftari.

Baada ya safari hiyo Muzee Bashige hakuwa mtu yule yule. Alikula kwa kulazimishwa. Mke wa Lévi alipokuja na mtoto, muzee alitoka kwa mlango wa nyuma asikutane nao macho. Alikuwa anawaza kwamba kila mtu humo ndani anaijua hesabu: asingechora, asingetuma, Lévi angekuwa nyumbani. Hakuna aliyemwambia hivyo. Hakuna aliyehitaji kumwambia.

Ile ya tisa aliimalizia bila mashine. Kitovu alikichonga kwa tupa, kwa mkono, kwa wiki tatu. Charline alimsihi. "Papa, hii moja ibakie. Uibakishe hapa nyumbani."

"Ibakie ya nini?" alimjibu. "Niiangalie?"

Mwezi wa tisa aliipeleka kwenye mlango wa nane. Aliirudia safari hiyo mara tano kuuliza jibu. Mara ya tano mkono wake wa kulia ulikufa ganzi njiani, na watu walimrudisha nyumbani kwa pikipiki, wamemfunga kwa kanga asianguke. Ilikuwa presha. Alilala siku kumi na tisa. Jumanne, tarehe kumi na nne, saa tisa mchana, Muzee Donat Bashige alifariki. Lévi alikuwa bado hajaonekana. Hadi tunapozungumza nanyi, Lévi Bashige bado hajaonekana.

Siku ya misa, katekista alikuja na orodha ya marehemu wa kuombewa. Alikuwa mtu mwema, alitaka kuwasaidia. Alikuwa ameandika: Donat Bashige, na chini yake, Lévi Bashige. Mama Nshobole aliisoma. Akaomba kalamu. Akalikata jina la pili, akageuza karatasi, na upande wa nyuma akaandika kwa herufi kubwa: KWA WALIO SAFARINI, LÉVI. Kwenye misa katekista alizisoma pande zote mbili.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Mama Nshobole. Tunatoa pole kwa Charline, kwa mke wa Lévi na mtoto wake, kwa fundi Hitimana, ambaye bado anajilaumu kwa hatua zile sitini. Pole kwa Majengo yote. Mungu ampokee Muzee Donat Bashige.

Na tufikirie jambo moja kabla ya kuagana. Niyitegeka alikuwa mgonjwa, alikuwa na hofu, na hata hivyo alitembea nyumba kwa nyumba ili kupeleka maneno machache. Kati yenu mnaotusikiliza wapo waliorudi kutoka mahali kama pale. Mnayo majina. Mnajua nani mlilala naye ubavu kwa ubavu. Tunajua mnaogopa, na hatuwahukumu. Lakini kuna mama anayekaa akisikiliza hatua za kila anayepita. Hata habari mbaya, mpelekeeni. Hata nusu ya habari.

Mama Nshobole ametuomba dakika moja mwishoni. Ameomba tusome maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu hajui Lévi yuko wapi, ila anajua redio inafika mbali kuliko miguu. Tunayasoma.

"Lévi, ni mama. Papa yako alikufa siku ya mardi. Tulikuwa naye, mie na Charline. Hakuumia sana. Mbele ya kufa alisema: mumuambie Lévi ni mie nilimutuma, anisamehe. Akaniangalia, akangoja. Hakukuwa mutu mwingine wa kumujibu, basi mie nilijibu kwa jina lako. Nilimuambia umeisha kumusamehe. Akafunga macho. Mutoto wangu, kama nilisema uongo, kuya uniambie wewe mwenyewe."