Ezekieli Wilondja na Ndugu Zake wa Kitanda Kimoja

Wapendwa waombolezaji, mchungaji wetu, wazee wa kwetu, majirani wa Berea hapa Durban, na ninyi wenzetu wa sokoni Warwick mliofunga meza zenu Jumamosi hii, siku ya mauzo, mkaja kukaa na sisi, familia inawasalimu na kuwaomba mtulie msikie maisha ya kaka yetu, Ezekieli Wilondja. Anayesoma ni mdogo wake, Désiré, na katika karatasi hii atajiita kwa jina kama atakavyowaita wengine wote, kwa sababu akianza kusema mimi, sauti itamkatikia hapa hapa na mtarudi nyumbani bila kusikia kitu. Tena mjue kwamba hii ni karatasi ya pili, ya kwanza aliichana jana mchana, na sababu yake mtaisikia humu humu.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, kijijini Msimba, milimani juu ya Baraka, nchini Kongo, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Wilondja na mama Spès, baada yake wakafuata wasichana wawili ambao Mungu aliwachukua wakiwa wachanga, kisha tarehe 2 Juni 1964 akazaliwa Désiré, ambaye alichelewa kutembea kwa sababu mgongo wa kaka yake ulikuwepo, na akishushwa chini alipiga kelele mpaka abebwe tena. Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1965 hapo hapo Msimba, na mwalimu alizoea kumwona akiingia darasani na mtoto mgongoni, akimlaza chini ya dawati, akimwambia anyamaze, naye ananyamaza. Kaka alikuwa wa Désiré peke yake, hivyo ndivyo mtoto yule alivyoijua dunia, na hakuwahi kuombwa agawane na mtu.

Katika karatasi ya kwanza, baada ya shule ya msingi ilikuja sekondari moja kwa moja, kana kwamba mwaka 1970 haukuwepo. Ulikuwepo. Tarehe 6 Julai 1970, wakati wa kiangazi, marehemu akiwa na miaka kumi na miwili, alipelekwa jandoni pamoja na wavulana wengine wa Msimba, wakakatwa na ngariba asubuhi moja, mbele ya baba zao, bila dawa ya ganzi na bila ruhusa ya kukunja uso, wakakaa kambini porini mpaka tarehe 20 Septemba. Wageni wetu wa hapa wanaotuuliza jambo hili lina maana gani, kwetu Msimba lilikuwa na maana kwamba aliyetoka kule anakaa na wanaume, anasikilizwa kikaoni, anaweza kuoa, na wale waliolala naye kitanda kimoja cha fito, kidonda kwa kidonda, wanakuwa ndugu zake kushinda ndugu wa tumbo moja, na siku akifa, ndugu wa kitanda ndiye anayeshika jeneza upande wa kichwa. Kitandani alilala na Alain, yule pale mnamwona amekaa karibu na mlango, mwenye shati la bluu.

Sasa Désiré. Yeye hakupelekwa porini. Tarehe 5 Oktoba 1970, wiki mbili tu baada ya kaka yake kutoka, alipelekwa zahanati ya misheni akiwa na miaka sita, muuguzi akampiga sindano ya ganzi, akamkata huku anamwimbia, kisha akampa biskuti mbili, basi, imekwisha, jioni anacheza. Kijiji kilicheka mpaka kikachoka, na Alain ndiye aliyembandika jina la Biskuti, na kaka yake, kaka yake mwenyewe, alicheka pia. Toka siku ile wawili wale walikuwa na nyimbo ambazo Désiré akikaribia zinakatika, na maneno ambayo akiuliza anaambiwa hayo ni ya kambini, na tuseme ukweli mbele ya marehemu, mtoto yule aliona wivu, wivu wa kumnyima usingizi, na ukubwani haukupungua, uliota ndevu pamoja naye.

Marehemu aliendelea na sekondari huko Baraka, akapata diploma ya ualimu mwaka 1977, akafundisha Msimba kuanzia Septemba mwaka huo hadi Oktoba 1996, na walio humu ndani waliopigwa chaki ya kichwa na yeye wanajijua. Jumamosi tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa takatifu na mkewe, Marcelline, na aliyesimama kulia kwake siku ile alikuwa Alain, Désiré akapewa kazi ya kugawa soda. Mungu akawabariki watoto watatu, Mireille mwaka 1985, Glody mwaka 1990 na Cathy mwaka 1993, na huyo mvulana, ambaye Désiré alikuwa amemngoja miaka sita ili apate wajina, akaitwa Glody Asukulu. Désiré aliuliza Asukulu ni nani katika ukoo huu, kaka yake akamjibu kwamba ni jina zuri tu, akaondoka kwenda kufunga mbuzi. Désiré hakula chakula cha sherehe ile.

Vita vilipofika kwetu Oktoba 1996, familia ilivuka ziwa na kuingia kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, na mwezi Januari 1997 marehemu akaamua kutangulia kutafuta maisha kusini, akapita Malawi na Msumbiji, akafika Durban tarehe 22 Februari 1997, na aliyemchagua kusafiri naye alikuwa Alain, wakati Désiré, mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, aliachwa kambini alinde mke, watoto na masufuria. Mwaka mzima na nusu alilinda, na Marcelline ni shahidi kwamba alilinda vizuri huku amenuna. Walipowasili Durban tarehe 9 Agosti 1998, waliwakuta wawili wale katika chumba cha Berea, mwalimu akiwa ameacha kulinda magari ufukweni na kufungua meza ya kushona chini ya daraja pale Warwick, na Alain akisukuma toroli za wauza mboga, na usiulize godoro zuri lilikuwa la nani.

Hata hapa Durban jambo lile lilimfuata. Sokoni kuna mchukuzi mmoja Mxhosa, ambaye kwao pia vijana hupelekwa mlimani kukatwa, huku Wazulu wengi wa hapa hawana desturi hiyo, na siku alipojua kwamba marehemu na Alain walikatiwa porini, aliwashika mikono kama watu wa kwao, wakazungumza mpaka toroli zikasahauliwa. Kisha akamgeukia Désiré, akamwuliza yeye alikatiwa wapi, Désiré akajibu hospitali, yule bwana akasema eish, akamtazama kwa huruma. Huruma! Désiré alirudi Berea kwa miguu, taxi zikimpita, kwa sababu hakutaka mtu amwone uso.

Marehemu alianza kuugua mwezi Juni 1999, miguu ikivimba, akaonekana ana ugonjwa wa figo, akalazwa hospitali ya serikali hapa mjini mara tatu, na mara ya mwisho aliingia tarehe 2 Novemba, hakutoka tena. Jumanne tarehe 16 Novemba 1999, saa tisa alasiri, akiwa amezungukwa na mkewe, mdogo wake na Alain, alifungua macho, akasema kwa sauti safi kabisa, Asukulu, songa kidogo. Marcelline alidhani anamwita mwanawe, ambaye saa hizo alikuwa shuleni, akaanza kumweleza, lakini Alain alimgusa mgonjwa bega, akamjibu, amesonga kaka, lala. Akalala. Saa kumi akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, miezi minane na siku mbili. Désiré alimshika Alain kwenye korido, akamwuliza huyo Asukulu ni nani ambaye kaka yake anamwita kwenye pumzi ya mwisho na yeye, damu yake, yuko mbele yake hatajwi, Alain akajibu, hayo ni ya kambini, Biskuti.

Basi kuanzia saa ile Désiré alifanya aliyoyafanya, na anayasema hapa mwenyewe kabla hamjasimuliwa nje. Alipanga wabeba jeneza sita na kumwacha Alain, akajiweka yeye upande wa kichwa, akaandika karatasi bila jando na bila jina la Alain hata mara moja, akamwambia mchungaji kwamba desturi za porini hazina nafasi kanisani. Jana asubuhi Alain alikuja Berea, hakuomba kubeba wala kusoma, aliomba tu mwaka 1970 uandikwe, kwa sababu ukiondoa jando unamzika mtoto, wala humziki Ezekieli, na Désiré akamwonyesha mlango. Hapo Marcelline akatoka jikoni. Alimwambia shemeji yake kwamba wivu wa namna ile anaujua, yeye ameulalia miaka kumi na mitano, ameolewa na mwanamume ambaye akiota ndoto mbaya anamwita Alain, lakini leo amechoka kutojua, na mtu hatatoka katika nyumba ile mpaka aambiwe Asukulu ni nani. Akafunga mlango, ufunguo akautia kifuani.

Alain alikaa chini. Alisema kwamba mambo ya kambini hayasemwi mbele ya mwanamke, na kwamba waliomwapisha wote wamekufa, kisha akasema. Kitanda kile hakikuwa cha watu wawili, kilikuwa cha watatu, na katikati alilala Asukulu, mtoto wa jirani, ambaye kidonda chake kilioza wiki ya pili, akafa amelala baina yao, wakimwambia asonge kidogo kwa sababu anawaegemea, hawajui kwamba amekwisha kufa. Wazee wakamzika hapo hapo porini, na kwa kuwa mama hapaswi kujua kabla ya siku ya kutoka, bakuli lake la ugali liliendelea kuja kila siku, na wavulana wawili wa kitanda kile waliamriwa wakile chakula chote, ili bakuli lirudi tupu na mama yake apike tena kesho. Walikila wiki nane. Tarehe 20 Septemba mama yule alikuja na nguo mpya, akarudishiwa bakuli limefunikwa kifudifudi, na hiyo ndiyo habari ya msiba aliyopewa.

Siku ile ile Ezekieli alimwambia baba yake kwamba Désiré hatakanyaga kule, mzee akampiga kofi kwa kuvunja heshima, akarudia, akapigwa tena, wiki mbili nzima hakukubali chakula, mpaka mzee akachoka, akasema basi mpeleke mwenyewe huko kwa Wazungu wako, na akampeleka mwenyewe, mgongoni. Biskuti zile hazikuwa za muuguzi. Zilikuwa katika pakiti aliyopewa na mjomba wetu kama zawadi ya kutoka jandoni, hakuwa amezifungua, akampa muuguzi nje ya mlango, amshikishe mtoto. Alain alisema jina la Biskuti hawakulicheka kwa dharau, walilicheka kwa furaha, kwa sababu lilikuwa jambo moja la mwaka ule lililokwenda sawa.

 Miaka ishirini na tisa Désiré alikuwa amewaonea watu wale wivu wa nafasi kitandani, nafasi yenyewe ndiyo hiyo. Kisha akaichana karatasi, akaomba kalamu. Kwa hiyo tukitoka hapa, upande wa kichwa atashika Alain, na Désiré ataomba upande wa miguu kama hakuna mwenye kinyongo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika na figo zile hadi dakika ya mwisho, inawashukuru majirani wa Berea kwa viti na masufuria, wenzake marehemu wa Warwick, pamoja na yule bwana mchukuzi aliyefunga toroli yake na kuja, inamshukuru mchungaji, ambaye Désiré anamwomba radhi, inamshukuru Marcelline kwa ule mlango aliofunga, na mwisho inamshukuru Alain, ndugu wa kitanda, kwa yote aliyokula na kunyamaza.

Pumzika kwa amani, kaka. Asukulu amesonga, nafasi iko. Ni mimi, Biskuti.