Wasifu wa Fundi Pakavu, Aliyekaa Dakika Arobaini Ndani ya Tangi

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1962, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya kupikia, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mtunza stoo hapo kiwandani, mama yake alishona nguo nyumbani. Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975. Alipenda hesabu. Hakuendelea, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na wadogo watatu nao walitaka daftari.

Mwaka 1978 alikabidhiwa kwa fundi mmoja mkali wa kuchomelea vyuma, aliyeitwa Kibiriti. Miezi minne ya kwanza hakuruhusiwa kugusa moto. Alifundishwa kutandaza nyaya na kuzikagua kwa vidole zilipochubuka, kubana waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye mashine, kwenye chuma safi karibu na kazi, kusimama juu ya ubao, kuvaa glavu kavu na kushusha kioo cheusi. Switch ilikuwa ya mwisho kabisa. Kabla ya kuiwasha Kibiriti alimuuliza, "Hapo ulipo pakavu?" Asipojibu, siku hiyo hakuna kazi. Swali hilo lilimwingia hadi kwenye mifupa, naye akawa anamuuliza kila mtu. Hata siku ya harusi yake, mpiga picha alipomwambia asogee kidogo kushoto, alitazama chini kwanza akauliza, "Huko pakavu?" Ukumbi mzima ulicheka, na tangu hapo jina la Fundi Pakavu halikumtoka.

Harusi hiyo ilikuwa tarehe 6 Desemba 1986. Wakati huo alikuwa ameajiriwa kiwandani miaka mitatu. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mdogo wa mkewe, ambaye tangu hapo alikuwa shemeji yake, alimtafutia kazi hapo hapo kiwandani, akawa msaidizi wake.

Sasa linafuata jambo ambalo wengi mliopo hapa hamlijui. Linasomwa kwa idhini ya wanaohusika.

Jumanne ya tarehe 17 Agosti 1999, marehemu aliingia ndani ya tangi kuziba ufa. Tangi lile lilikuwa na mlango mmoja tu, juu, mduara ambao mabega yalipita kwa kupinda. Aliandaa kila kitu kama alivyofundishwa. Alitandika mbao kavu. Shemeji alibaki nje kwenye switch, na walikubaliana kama siku zote: marehemu akigonga ukuta kwa nyundo mara moja, zima, mara mbili, washa. Mtu wa switch haondoki. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Alipokaribia kumaliza, kishikio cha rodi, ile fimbo ya chuma inayoyeyuka kuunga, kilipasuka ganda la kuzuia umeme, akakiachia. Kikaangukia kwenye ubao, kati yake na ngazi, chuma kitupu kikiwa na umeme. Nguo zake zilikuwa zimelowa jasho, glavu zimelowa, na pande zote ni chuma. Aligonga mara moja. Akangoja. Akagonga tena. Moshi ulikuwa umejaa, maana bati la tangi lilikuwa limepakwa zinki, ambayo ikiungua hutoa moshi wa sumu. Hakuweza kuruka, wala kuegemea ukuta, wala kukaa. Alisimama juu ya ubao wa upana wa miguu miwili, mikono kifuani, akahesabu pumzi zake. Baadaye alisema alipofika mia nne aliacha kuhesabu, akaanza kuwataja watoto mmoja mmoja kwa Mungu.

Shemeji alikuwa ameenda kuchukua chai, akakuta watu jikoni wanabishana mpira, naye akaingia kwenye ubishi. Zilipita dakika arobaini. Aliporudi alizima, akainamia mlango wa tangi.

"Shemeji, nilisema naenda na kurudi."

"Kwenda ulienda," marehemu akajibu kutoka chini. "Kurudi ndiko kulikochelewa."

Habari zikamfikia msimamizi. Alipouliza nani alikuwa kwenye switch, shemeji alikuwa na watoto wanne na kosa lake lilikuwa la kufukuzwa. Marehemu akasema, "Nilimtuma mimi, aniletee rodi." Akaandikiwa barua ya onyo, ikasomwa mbele ya wafanyakazi wote kwamba Fundi Pakavu amevunja kanuni yake mwenyewe. Alisimama akaisikiliza mpaka mwisho. Jioni hiyo alikunywa nusu lita ya maziwa, kama mafundi wote wanavyofanya, akaamini kifua kimeoshwa.

Baada ya hapo hakuweza kukataa kuingia kwenye tangi. Angekataa, wangemuuliza anaogopa nini, na jibu lingemfikia shemeji. Basi aliingia miaka kumi na miwili mingine, mpaka alipostaafu mwaka 2011. Shemeji hakuacha switch tena. Hata chakula alikula baada ya kazi. Lakini kuhusu siku ile, wote wawili walinyamaza. Walikaa meza moja kila Jumapili, wakataniana, wakapitishiana chumvi, na jambo lenyewe likakaa katikati yao.

Nyumbani tuliona alivyobadilika bila kujua sababu. Alilala upande wa mlango. Kanisani alikaa benchi la nyuma, mwisho. Mlango wa bafu hakuufunga tena, badala yake aliimba nyimbo za sifa kwa sauti ili tujue yumo. Mgeni mmoja alimwambia mkewe, "Dada, una bahati, mumeo ana roho ya ibada." Mkewe akasema amina.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2015. Alikimbilia maziwa, miaka ikapita. Daktari alipompima mwaka 2020 alimwambia, "Baba, maziwa yanaenda tumboni. Moshi ulienda kwenye mapafu." Marehemu alikuwa amemweleza faraghani siku ile ya tangi, naye daktari akasema si siku moja iliyomwumiza, ni miaka yote, ila siku ile ilifungua njia. Mafundi mliokuja kumsindikiza, tafadhali lisikieni hilo.

Alilazwa tarehe 21 Mei 2023. Muuguzi alipovuta pazia kuzunguka kitanda, alimwomba aliache wazi. "Baba, ni pazia tu," muuguzi akasema. "Najua mwanangu. Hata lile lilikuwa tangi tu." Hapo ndipo mkewe alipouliza ni tangi gani, akasimuliwa yote, kwa mapumziko, maneno matatu na pumzi moja. Mwishoni alimwambia, "Mama watoto, nikiondoka msinifungie mapema. Mfuniko uwe wa mwisho." Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, saa nne asubuhi, mlango wa wodi ukiwa wazi.

Mkewe alimweleza ndugu yake alichoambiwa, kwa upole. Shemeji akasema, "Dada, andika kwenye wasifu."

"Niandike nini?"

"Kwamba hakunituma rodi. Nilienda chai. Ile barua waliyomsomea ilikuwa yangu."

Imeandikwa.

Mfuniko wa jeneza, kama mnavyoona, umeegemezwa pembeni. Utawekwa baada ya sala ya mwisho, si kabla. Shemeji yake amekaa kando ya jeneza, upande wa kichwa, tangu saa moja asubuhi. Ameitwa chai mara mbili, hakwenda.

Marehemu ameacha mjane, binti wawili na mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano, dada zake wawili, na shemeji mmoja aliyekwisha kusamehewa naye.

Mungu ampokee mahali penye nafasi, apumzike, na apumue.